Mume wangu anataka tufiche tatizo la damu la mtoto wetu

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kike ana miaka minne na wa kiume ana miezi mitano. Huyu mdogo ndiye anayenikosesha usingizi.

Siku ya pili baada ya kujifungua niliona weupe wa macho yake umegeuka manjano. Nikajiambia ni mwanga wa chumba. Siku ya tatu hata nyayo zilikuwa za manjano, analala tu, hataki kunyonya. Wakamweka chini ya taa za bluu siku nne, kafungwa kitambaa machoni, mimi nimekaa pembeni nakamua maziwa na kulia. Alitolewa damu mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Siku ya kuruhusiwa daktari alisema mtoto ana upungufu wa G6PD, kwamba hicho ni kimeng'enya kinachoshughulika na sukari. Akaziandika herufi hizo kwenye kadi ya kliniki, akanipa karatasi ya dawa za kuepuka, akaenda kwa mgonjwa mwingine kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Karatasi ina majina zaidi ya sitini. Sijui hata moja linavyotamkwa.

Nilichoshika ni neno sukari. Nilimwambia mume wangu, mume wangu akamwambia mama yake, na kufika jioni ndugu wote wanajua kwamba mtoto kazaliwa na kisukari. Mama mkwe akaniambia, "Kwetu hakuna damu ya namna hii. Hiyo umekuja nayo." Sikumjibu. Nina adabu naye, na sikuwa na la kujibu.

Mume wangu si mtu mbaya. Maneno ya mama yake yalimuuma kuliko yalivyoniuma mimi, lakini yeye dawa yake ni kunyamaza. Kadi ya mtoto ameifungia kabatini. Anasema tusiitaje habari hii popote, mtoto atakuja kusoma, atakuja kuoa, watu watamwita mgonjwa kabla hajaugua. "Mtoto mzima, unataka nini tena?" ndivyo anavyoniambia. Na kweli mtoto ni mzima. Anacheka, amenenepa, ameanza kukaa.

Wiki mbili zilizopita alipata homa. Tulimpeleka zahanati, muuguzi akauliza kama mtoto ana tatizo lolote tangu kuzaliwa. Mume wangu akajibu, "Hana." Mimi nikatazama chini. Alipewa parasetamoli na homa ikaisha, lakini usiku ule sikulala, kila akikojoa nawasha taa niitazame nepi.

Mdogo wangu ana mimba ya miezi saba. Sijamwambia kitu. Mume wangu anasema nitamtia hofu bure.

Jambo la mwisho, sijui kama linahusiana. Mjomba wangu, kaka yake mama, alipokuwa kijana alitibiwa malaria na siku ya tatu akakojoa mkojo mweusi kabisa, karibu afe. Siku hizi ana kisukari. Analalamika kwamba kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kinatoka kizuri, mara ya mwisho 6.1, lakini akijichoma kidole asubuhi kabla ya kula anakuta 9, siku nyingine 10. Kaambiwa mashine yake ni mbovu. Je, hii ndiyo sukari ya ukoo iliyomfikia mwanangu? Nimnyime vitu vitamu? Ni mimi niliyemletea? Na je, nimtii mume wangu ninyamaze?

Mama Wawili

—

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nimekaa nyuma ya dirisha la dawa zaidi ya nusu ya umri wangu, kwa hiyo taa za bluu hazikunishtua, na mama mkwe wako nimekutana naye katika sura nyingi. Kilichonifanya niweke karatasi chini ni lile neno moja la mumeo mbele ya muuguzi. Nitalirudia. Kwanza nikuondolee mzigo wa sukari.

Mwanao hana kisukari. Kisukari ni shida ya insulini na ya sukari inayolundikana katika damu. Sukari ya damu ya mwanao haina kasoro, na upungufu huu hautaigeuza. Vitu vitamu havimdhuru kuliko vinavyomdhuru mtoto mwingine yeyote, na ukimnyima utakuwa umemwadhibu bila kosa. Daktari hakukudanganya aliposema kimeng'enya hiki kinashughulika na sukari. Alikukatia maelezo katikati tu.

Jina lake refu ni glukosi-6-fosfeti dihidrojenesi. Chembe nyekundu ya damu inapotoka kwenye uboho wa mfupa ni kama msafiri anayeanza mwendo wa siku 120 hivi. Imekwisha kutupa kiini chake, kwa hiyo njiani haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya. Inaishi kwa masurufu iliyofungashiwa siku ya kuondoka. Chakula chake ni glukosi. Glukosi nyingi huvunjwa kwa njia kuu ili ipatikane nguvu, na njia hiyo kwa mwanao iko sawasawa. Sehemu ndogo hupita kando, na mlinzi wa mlango wa njia hiyo ya kando ndiye G6PD. Yeye huitoa glukosi haidrojeni na kumpa mbebaji aitwaye NADP, ambaye akishapokea huitwa NADPH. Mbebaji huyo naye huihuisha glutathioni, na glutathioni ndiyo ngao ya chembe dhidi ya kemikali zinazochoma kama kutu inavyokula chuma.

Seli nyingine za mwili zina njia nyingine za kumpata NADPH. Chembe nyekundu ina hii moja. Mlinzi akiwa dhaifu, siku za kawaida hakuna anayeona tofauti, kwa maana ngao haihitajiki sana. Ndiyo sababu mwanao anacheka na kunenepa. Lakini ikiingia dawa fulani, au maambukizi makali, ngao inakwisha, himoglobini, ile inayoipa chembe rangi yake nyekundu, inagandamana ndani ya chembe, chembe zinapasuka kwa wingi au zinachujwa na wengu. Himoglobini iliyomwagika ikipita kwenye figo, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea au kahawa. Ile inayovunjwa inageuka bilirubini, na bilirubini ndiyo manjano uliyoyaona machoni. Mtoto mchanga yuko hatarini zaidi kwa sababu ini lake bado halijakomaa kuiondoa, na ikizidi sana inaweza kuingia kwenye ubongo na kuuharibu, hata kuua usikivu. Zile siku nne za taa zilimwokoa mwanao na hilo. Mwanga ule hubadilisha umbo la bilirubini ili mwili uitoe bila kulisubiri ini. Ulilia pembeni yake, lakini alikuwa mahali pake hasa.

Sasa maneno ya mama mkwe, na hapa nitakuambia ukweli hata kama si ule uliotaka. Asili ya jambo hili kwa mtoto wa kiume ni upande wa mama. Jeni ya G6PD imekaa kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, na aliyempa ni mama yake. Baba humpa Y. Kwa hiyo mumeo hakuweza kumpa mwanawe upungufu huu hata angekuwa nao. Mama mkwe alibahatisha njia. Alichokosea ni kuufanya urithi kuwa hatia. Wewe hukuchagua X ipi iende kwenye yai, kama yeye alivyokuwa hakuchagua mwanawe awe mrefu au mfupi.

Na hiyo anayoiita damu ya namna hii ni ya watu zaidi ya milioni 400 duniani. Imeenea hasa pale ambapo malaria imekaa na watu kwa karne nyingi, na haikuenea huko kwa bahati. Zipo dalili nzuri kwamba wenye jeni hii walipata ahueni fulani dhidi ya malaria kali, wakaishi, wakazaa, wakairithisha. Usielewe kwamba mwanao hawezi kuugua malaria. Ataugua kama wengine na anahitaji chandarua kama wengine. Lakini kwa jeni iliyowasaidia mababu kuvuka, sioni aibu iko wapi. Mweleze mama mkwe kwa upole siku akiwa ametulia, na usianze na habari ya X na Y. Anza na hili: mtoto si mgonjwa wa kisukari. Nadhani hofu yake kubwa iko hapo.

Nirudi kwa neno la mumeo.

Zamani, nikiwa bado mpya kazini, alikuja kijana na cheti cha primakwini ya siku kumi na nne. Ni dawa nzuri. Ndiyo inayong'oa vimelea vya malaria aina ya vivaksi vilivyojificha kwenye ini. Nikamhesabia vidonge, nikamweleza ale na chakula, nikamtakia afya. Sikumuuliza chochote. Siku ya nne alirudishwa na ndugu zake hawezi kusimama, midomo myeupe, mkojo mweusi. Aliongezwa damu akapona. Mama yake aliniambia kwamba utotoni alikuwa hivyo hivyo mara moja, ila hawakupenda kulisema. Mimi sikuuliza na wao hawakusema. Tangu siku ile nauliza kila mtu, na ndiyo maana naandika barua ndefu kwa mtu kama wewe.

Dawa hiyo hiyo ndiyo iliyofanya dunia iujue upungufu huu. Katika miaka ya 1950 primakwini ilikuwa ikijaribiwa kwa wafungwa wa gereza la Stateville, jimbo la Illinois, Marekani. Baadhi yao, hasa weusi, walipasukiwa na damu, wenzao hawakuguswa. Watafiti wakataka kujua kosa liko kwenye dawa, kwenye mwili, au kwenye chembe zenyewe. Walichukua chembe za mtu anayedhurika, wakazitia alama ya kromiamu yenye mnururisho, wakamwekea mtu asiyedhurika, kisha wakampa primakwini. Chembe za mgeni zikafa, za mwenyeji zikabaki. Wakafanya na kinyume chake, chembe nzima ndani ya mtu anayedhurika, nazo zikapona. Ndipo ilipojulikana kosa limo ndani ya chembe. Mwaka 1956 kundi la Carson na Alving likachapisha kwamba kinachopungua ni G6PD. Inaniuma kwamba elimu hii ilitoka kwa watu waliofungwa, ambao nafasi yao ya kukataa ilikuwa finyu. Lakini ipo, na tuliirithi ili itumike. Kadi iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtu.

Mumeo anaogopa jina la ugonjwa. Mwambie hivi: upungufu huu, kwa aina iliyo ya kawaida, mara nyingi unakuwa ugonjwa siku ambayo mtu asiyejua anampa mtoto dawa isiyomfaa. Siku nyingine zote ni herufi nne kwenye kadi. Mnachokificha ndicho kinga yenyewe. Kwa jirani, kwa wachumba wa miaka ishirini ijayo, hamdaiwi maelezo. Huko naafikiana naye kabisa, si kila mtu wa kuambiwa. Lakini mwenye sindano, mwenye kuandika cheti na mwenye kuhesabu vidonge lazima waambiwe, kila mara, hata kama mmeshawaambia mwezi uliopita, na hata kama mtoto kaja kwa kikohozi tu. Pia yule anayebaki naye wewe ukiwa haupo. Sitakuambia umuasi mumeo, ila mbele ya muuguzi akisema "hana," wewe sema "anao." Adabu haikuzuii hapo.

Ile karatasi ya majina sitini nayo naomba uipeleke kwa mfamasia au daktari aipunguze. Orodha za namna hiyo hukusanya kila dawa iliyowahi kushukiwa, na matokeo yake mama anaogopa mpaka parasetamoli, mtoto anaungua na homa bila dawa. Parasetamoli kwa kipimo chake haina neno. Alichopewa wiki mbili zilizopita kilikuwa sawa. Dawa za mseto za malaria zenye artemeta na lumefantrini hutumika kwa watu hawa. Chanjo zote anapata kama kawaida. Zenye ushahidi mzito wa kupasua damu si nyingi: primakwini na ndugu yake tafenokwini, dapsoni inayotumika kwa ukoma, naitrofurantoini inayotolewa kwa maambukizi ya njia ya mkojo, methilini bluu, fenazopiridini ya maumivu ya mkojo, na rasburikesi inayotumika kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani. Dapsoni isikupite. Mwaka 2008 dawa mseto ya malaria iliyokuwa na dapsoni ndani yake iliondolewa kwa sababu watoto wenye upungufu huu walikuwa wakiishiwa damu. Dawa za salfa kama kotrimoksazoli ni za kuulizia. Mara nyingine daktari atapima faida na hatari na atakupa kwa uangalizi. Mwache apime, usikatae kabla hajajua unachojua wewe.

Primakwini yenyewe ina makali tofauti kwa kipimo. Shirika la Afya Duniani tangu 2012 linakubali dozi moja ndogo ya miligramu 0.25 kwa kila kilo, inayotolewa kuzuia uambukizaji wa malaria ya falsiparamu, bila kupima G6PD kwanza. Ile ya siku kumi na nne ni jambo jingine kabisa. Nakutajia ili siku moja ukiambiwa "hii dozi ni ndogo haina shida" ujue swali la kuuliza: ni ya siku moja au ya siku nyingi? Na ni mtoto wa umri gani? Watoto wachanga hawahesabiwi katika ruhusa hiyo.

Nje ya dawa kuna vitu viwili vya nyumbani. Kimoja ni vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa kwenye nguo ili zisiliwe na wadudu. Vingi vina naftalini, na mtoto mchanga anaweza kupasukiwa na damu kwa kuvuta harufu au kwa nguo tu zilizokaa navyo. Kama kabati lile lenye kadi lina vidonge hivyo, vitoke pamoja na kadi, na nguo na blanketi za mtoto zifuliwe na kuanikwa juani kabla hajavaa. Kingine ni hina. Asipakwe angali mchanga, kwa sababu inapenya ngozi yake na wapo watoto iliowadhuru. Na ukisikia habari ya maharage, inayozungumzwa ni fava, yale makubwa mapana, ambayo yana visini na konvisini. Maharage ya aina nyingine hayahusiki. Kwa kuwa unanyonyesha, nawe ukae mbali na fava na uwaambie wanaokutibu kwamba mtoto wako ana upungufu huu. Watu wanasahau kwamba dawa ya mama hupita kwenye maziwa, na naitrofurantoini hupewa akina mama kila siku.

Yale macho uliyoyakesha ukitazama nepi hayakuwa ya bure, ila ujue wakati wa kutazama. Mara nyingi dalili huja siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kitu kibaya kuingia: mkojo wa rangi nzito, macho ya manjano, viganja na midomo kupauka, kupumua haraka, kulegea. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Maambukizi peke yake, bila dawa yoyote, nayo yanaweza kuiwasha hali hii, kwa hiyo homa ya mtoto huyu itibiwe mapema. Siku nyingine zima taa ulale.

Kuhusu vipimo. Katika aina inayopatikana sana kwa watu wa asili ya Afrika, iitwayo A−, masurufu ya chembe hayakosekani mwanzoni, ila yanaoza upesi. Chembe changa inayo ya kutosha, chembe kongwe imeishiwa. Dawa mbaya ikiingia kongwe ndizo zinazokufa, changa zinabaki, mwili unatoa nyingine changa, na mtu akipimwa siku zile kipimo kinaweza kusema yuko sawa kumbe sivyo. Kwa hiyo jibu la "sawa" lililotolewa katikati ya dhoruba lirudiwe baada ya miezi mitatu hivi. Jibu la "pungufu," kama la mwanao, ni la kuamini hata siku ile. Hata hivyo omba apimwe tena kile kipimo kinachotoa kiwango, siyo kile cha ndiyo au hapana peke yake, mjue yuko wapi. Zipo aina nyingine, kama ile ya Mediterania, ambazo kimeng'enya ni kidogo sana tangu chembe ikiwa changa, na tahadhari yake ni kubwa zaidi.

Binti yako naye apimwe. Msichana ana X mbili, na mwilini mwake kila seli huzima moja, kwa hiyo anaweza kuwa na mchanganyiko wa chembe nzima na pungufu. Vipimo vya haraka huwapita wasichana kama hao wakaambiwa wako sawa. Kwake na kwako, hicho cha kiwango ndicho cha kuomba.

Mdogo wako. Mpigie leo. Mumeo anasema utamtia hofu. Ni kweli atashtuka, na atakuwa na miezi miwili ya kutulia. Hofu ya siku ya tatu baada ya kujifungua, mtoto hanyonyi na hakuna anayejua kwa nini, wewe unaijua ilivyo. Kama mama yenu amebeba jeni hii kwenye X yake moja, mdogo wako ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na akiwa nayo kila mtoto wa kiume ana nusu kwa nusu tena. Anachotakiwa kufanya si kikubwa. Awaambie wakunga kabla ya kujifungua kwamba mtoto wa dada yake ana upungufu wa G6PD na alilazwa kwa manjano. Watampima mtoto, watamtazama bilirubini mapema, na hawatawaruhusu haraka bila miadi. Yeye mwenyewe akipata maambukizi ya mkojo sasa hivi, aseme kabla hajapewa dawa. Ukiona vigumu kuanza, msomee sehemu hii ya barua.

Nimemwacha mjomba mwisho, na ndiye ninayemhofia kuliko mtoto.

Umesema hujui kama linahusiana. Ni kaka wa mama yako, akapewa dawa ya malaria, siku ya tatu mkojo mweusi. Hapo peke yake ningeomba apimwe G6PD, kwa sababu njia ya X kutoka kwa bibi yenu inamfikia yeye moja kwa moja na inaufikia mji wako kupitia mama yako. Sisemi anao. Malaria kali nayo inaweza kutoa mkojo mweusi. Lakini sikiliza habari ya sukari yake. Kile kipimo cha miezi mitatu hakipimi sukari ya damu yenyewe. Kinapima sukari iliyonata kwenye himoglobini, na himoglobini imo ndani ya chembe nyekundu, na hesabu yote imejengwa juu ya chembe kuishi siku zake 120. Chembe za mwenye upungufu wa G6PD huishi muda mfupi zaidi, hazipati siku za kutosha kunata sukari, na kipimo kinatoka kizuri kuliko hali ilivyo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 uliohusisha watu karibu 160,000 ulikuta kwamba wanaume wenye jeni hiyo ya A− walisoma chini kwa karibu pointi 0.8. Mpaka wa kuitwa mgonjwa wa kisukari ni asilimia 6.5. Ongeza 0.8 kwenye 6.1 ya mjomba uone inafika wapi.

Kwa hiyo mashine yake huenda haina ubovu wowote. Asubuhi kabla ya kula, 7 na kuendelea ndiyo sukari ya mtu mwenye kisukari, na yeye anakuta 9 na 10. Huenda kwa muda huu wote macho, figo na miguu yake vimekuwa ndani ya sukari ya juu huku karatasi ikimpongeza. Aende kwa daktari wake na daftari la namba za kidole za wiki mbili, aseme historia ya mkojo mweusi, aombe G6PD, na aulize kama anaweza kufuatiliwa kwa sukari ya damu yenyewe au kwa kipimo kingine kiitwacho fruktosamini, ambacho hakitegemei umri wa chembe. Na aseme anameza vidonge gani vya kisukari. Vile vya kundi la glibenklamidi vina onyo kwa wenye upungufu huu. Asiache dawa yoyote peke yake nyumbani.

Kwa hiyo hapana, mjomba hakumrithisha mwanao kisukari. Lakini mwanao, kwa siku zile nne za taa, huenda amemwonyesha mjomba kitu ambacho hakuna kipimo kilichomwonyesha. Hilo mwambie mumeo pia. Kisha mwombe ufunguo wa kabati, na ukienda kliniki nyingine ichukue kadi, uwaombe waziandike zile herufi nne juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, na uzitaje kwa mdomo wako kabla hawajakuuliza.